Picha Inapepesa, Lakini Koko Yuko Ndani

Ninaandika kutoka hapa Basoko, pale mto Aruwimi unapoingia katika mto mkubwa. Mwezi huu ninajibu barua moja tu, sababu ni ndefu, na jambo lake linagusa nyumba nyingi.

Barua ilitoka Kolwezi. Asili ya jamaa hii ni upande wa Yakusu, karibu na Kisangani; baba alihamia Katanga kutafuta kazi ya mgodi, akabaki kule. Wanaandika kwamba koko wao mwanaume alikuwa mwuguzi. Alijifunza kazi katika hospitali ya Yakusu, akafa katika vita ya mwaka 1964, na picha zote za nyumba zikachomwa ndani ya vita ile. Lakini mmisionari mmoja aliyefanya kazi pamoja naye alikuwa na kamera ndogo ya filimu. Mwaka 1991 watoto wa mmisionari yule, kule Uingereza, waliwatumia kaseti moja ya video. Ndani yake kuna arusi ya koko, mwaka 1958, kadiri ya dakika nne.

Shida ni hii: picha inapepesa. Inawaka na kufifia, inawaka na kufifia, toka mwanzo hata mwisho. Koko mwanamke, ambaye yuko hai bado na amepita miaka 85, anatazama sekunde chache, kisha anafunika macho. Kijana mmoja wa nyumba amesema kaseti imekufa, itupwe. Mwingine anataka kuipiga upya na telefone mbele ya kioo cha televizio. Wanauliza: dawa iko?

Dawa iko. Lakini kwanza, ndugu zangu, yule anayetaka kutupa mumwondolee kaseti mkononi, na yule wa telefone angoje kidogo. Mtu hawezi kutibu ugonjwa asioujua.

Filimu ni mkanda mrefu wenye picha ndogo ndogo, moja nyuma ya ingine. Filimu ndogo ya nyumbani, ile ya milimeta 8, kampuni Kodak iliitoa mwaka 1932, na watu wengi waliokuja Kongo kabla ya uhuru walikuwa nayo: wamisionari, wainjinia wa migodi, wafanya biashara. Kamera zake zilipiga kwa kawaida picha 16 kwa kila sekunde. Mwaka 1965 ikatoka ndugu yake mdogo, Super 8, yenye picha 18 kwa sekunde. Wakati wa kuonyesha, mashini inavuta picha moja, inaisimamisha mbele ya taa, kisha inavuta ingine. Ili macho yasione mkanda unapovutwa, kuna kipande cha bati chenye mabawa, sawa na vantilateri ndogo, kinachozunguka na kuziba taa kila mara. Sasa, kama taa ingezibwa mara 16 tu kwa sekunde, sisi wote tungeumwa kichwa. Kwa sababu hii waliweka mabawa matatu. Kila picha inaonekana mara tatu mbele ya kupisha ingine. Picha 18 mara tatu ni miale 54 kwa sekunde, na kwa mwendo huo jicho la mtu linadanganyika: linaona mwanga mmoja uliotulia. Ndiyo maana wazee waliokaa mbele ya shuka jeupe usiku kule Yakusu ao Yalemba hawakuona kupepesa kwingi.

Basi kupepesa kumetoka wapi? Kumetoka siku ya kuhamisha. Katika miaka ya 1980 na 1990 watu wengi kule Ulaya walifanya kwa njia rahisi: waliwasha mashini ya filimu, wakaangaza ukutani ao kwenye karatasi nyeupe, wakaweka kamera ya video pembeni, wakapiga. Kamera ya video ina mwendo wake. Ya Ulaya inachukua picha 25 kwa sekunde, na kila picha inagawanyika nusu mbili, ni kusema nusu-picha 50 kwa sekunde. Mashini moja inatoa miale 54, ingine inafungua jicho mara 50. Haziendi pamoja.

Sisi watu wa mto tunalijua jambo hili. Wazia mtumbwi mrefu wenye wapiga kafi mbele na nyuma. Wa mbele wanapiga mara 54 kwa dakika, wa nyuma mara 50. Kuna wakati kafi zote zinaingia majini pamoja, na mtumbwi unaruka. Kisha wanaanza kuachana, hawa wanatia, wale wanatoa, na mtumbwi unakuwa mzito. Halafu wanakutana tena. Hesabu ni ya kutoa tu: 54 toa 50 ni 4. Mara nne kwa dakika mtumbwi utaruka, mara nne utachoka, hata kama kila mpiga kafi ni hodari. Katika kaseti yenu ni hivyo hivyo, lakini kwa sekunde. Kila mara ambapo kamera ilifungua jicho wakati taa iko wazi zaidi, picha ilikuwa nyeupe. Wakati bawa limeziba zaidi, picha ikawa na giza. Mara nne kwa sekunde. Filimu yenyewe haina kosa. Haina hata doa la kupepesa ndani yake.

Mtu anaweza kuuliza: mbona sinema kubwa zilizopigwa kwetu hazipepesi? The African Queen ilipigwa mwaka 1951 kule Biondo, kwenye mto Ruiki, upande wa Ubundu, na The Nun's Story ilipigwa Kisangani mwaka 1958, mwaka ule ule wa arusi ya koko wenu, mji ukiitwa bado Stanleyville. Mto wetu unaonekana mle wazi kabisa, kama vile ungeweza kuchota maji. Ni kwa sababu sinema kubwa zinapigwa kwa picha 24 kwa sekunde, na televizio ya Ulaya ilizipitisha katika mashini za pekee kwa mwendo wa 25, picha moja kwa picha moja. Watu wanatembea upesi kidogo, sauti inapanda kidogo sana, hakuna anayesikia. Filimu ya mmisionari haikupata mashini ya namna hii. Ilipata ukuta na karatasi.

Hii ndiyo sababu jibu langu la kwanza kwa jamaa ya Kolwezi si la ordinatere. Ni la barua. Waandikieni watoto wa mmisionari, ao wajukuu, mwulize: filimu yenyewe iko wapi? Mara nyingi bobini bado ziko ndani ya sanduku, juu ya kabati, hakuna mtu aliyezigusa tangu 1991. Kama iko, ipelekwe kwa wenye mashini ya kusoma filimu picha moja moja. Mashini hiyo haina mabawa wala haishindani na mwendo wa kamera. Inasimamisha kila picha, inaipiga, inaendelea. Kule Ulaya kazi hii ni ya kawaida siku hizi, na matokeo yanatumwa kwa intaneti ao katika ufunguo wa USB. Nyuso zitakuja safi kuliko kaseti yoyote, kwa sababu VHS ilipunguza sana yale filimu ilikuwa nayo. Mwambieni tu mwenye bobini anuse mbele ya kugusa mashini yoyote. Filimu ikinuka siki, plastiki yake imeanza kuharibika na kujikunja. Asiiweke katika mashini ya zamani ya kuonyesha, itararuka. Aipeleke kwa fundi jinsi ilivyo, upesi.

Na kama hapa kwetu mtu ana bobini pamoja na mashini yake ya kuonyesha? Ipo nyumba moja moja, hata migodini. Mashini nyingi zina kifungo cha kupunguza mwendo. Gawanya 50 kwa 3, unapata 16 na theluthi mbili. Mashini ikizunguka kwa mwendo huo, mabawa matatu yanatoa miale 50 kamili, wapiga kafi wa mbele na wa nyuma wanakutana, na kupepesa kunakufa mbele ya macho yako. Huna lazima ya kipimo: zungusha kifungo polepole huku ukitazama kioo cha kamera, si ukuta, mpaka picha itulie. Weka kamera kwa mkono, si kwa kujiendesha, mwendo wake wa kufunga uwe sehemu 1 ya 50 ya sekunde, na kipimo cha mwanga kifungwe. Ukiacha kamera ijipimie mwanga, itakuwa kama mtu anayepumua: kila mtu aliyevaa nguo nyeupe akipita, picha yote inaingia giza. Tena fanya kazi na umeme uliotulia. Grupu inayokohoa itakohoa pia katika picha.

Sasa tuseme filimu imepotea, kaseti peke yake ndiyo imebaki. Kwa wengi ni hivi. Basi tuitibu kaseti.

Kwanza iangalieni kwa mwanga wa jua, katika kidirisha chake. Ukiona unga mweupe ao utando juu ya mkanda, ni ukungu. Hapa Basoko na unyevu wetu ninauona mara kwa mara. Kaseti yenye ukungu isiingizwe kamwe katika mashini nzuri, itachafua vichwa vya kusomea na kuambukiza kaseti zingine. Ninyi wa Kolwezi na Likasi adui wenu ni vumbi lile jekundu. Kisha ulizeni kaseti imetoka nchi gani. Ya Uingereza ao Ubelgiji ni PAL, ya Ufaransa mara nyingi ni SECAM, ya Marekani ni NTSC. Mashini isiyojua namna ya kaseti inaweza kuonyesha picha bila rangi ao kuirusha ovyo, na watu wanasema kaseti imekufa kumbe ni lugha tu haikusikilizana. Tafuteni mashini inayojua zote tatu. Msingoje sana: kampuni Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza mashini za VHS, iliacha mwezi wa 7 mwaka 2016. Zilizobaki ni kuukuu, na kila mwaka zinapungua.

Kwa nini nakataza telefone mbele ya televizio? Kwa sababu mngetia wapiga kafi wa tatu ndani ya mtumbwi. Kioo cha televizio ya zamani kina mwendo wake, telefone ina wake, na juu ya kupepesa kwa kwanza mtapata mistari myeusi inayopanda na kushuka. Ugonjwa wa pili juu ya wa kwanza, na huu ni mgumu zaidi kuuponya. Njia iliyo sawa ni waya: ule wa manjano unabeba picha, mweupe na mwekundu zinabeba sauti, na kifaa kidogo cha USB kinaviingiza ndani ya ordinatere. Vijana wa studio za video katika miji yetu wengi wanacho. Ingizeni kaseti yote, bila kusafisha chochote, na nakala hii ya kwanza ihifadhiwe fasi mbili. Isiguswe tena. Kazi yote ifanywe juu ya nakala ya pili.

Hapo ndipo inakuja programu. Ziko za bure: VirtualDub ilikuwa ya wengi, nayo ina kichujio cha kupepesa kilichoandikwa na Donald Graft, na FFmpeg ina chake, kinaitwa deflicker. Zote zinafanya kazi kwa wazo moja. Programu inapima mwanga wa kila picha. Kisha inatazama majirani zake, mbele na nyuma, inatafuta kadiri ya mwanga wao wote. Picha iliyo juu ya kadiri inashushwa, iliyo chini inapandishwa. Kupepesa kunalainika kama vile shuka lililopigwa pasi.

Jambo la kuchagua ni moja hasa: majirani wangapi? Hapa vijana wengi wanabahatisha, na hakuna lazima ya kubahatisha. Kaseti yenu inapepesa mara 4 kwa sekunde na ina picha 25 kwa sekunde. Kwa hiyo mpigo mmoja unachukua picha kadiri ya 6. FFmpeg, ukiiacha kama ilivyo, inatazama picha 5: haifikii mpigo mzima. Mwambieni kijana aweke 7, atazame, kisha ajaribu 13, ambayo ni mipigo miwili. Kaseti kutoka Marekani ni tofauti. Kule ni nusu-picha 60, na 60 toa 54 ni 6; mara 6 kwa sekunde katika picha 30, mpigo mmoja ni picha 5, basi namba ya kawaida inafaa. Kama baada ya hayo bado kuna kutetemeka kwembamba, atenge nusu-picha, azisafishe kila moja peke yake, kisha aziunganishe tena, kwa maana mara nyingine nusu moja ina mwanga kuliko mwenzake.

Asizidishe. Mnajua mchimba dhahabu anavyoosha mchanga katika karai: akiosha kidogo, matope yanabaki, akiosha kwa nguvu nyingi, dhahabu inaenda na maji. Ukiweka majirani 100, programu itadhani kila badiliko la mwanga ni ugonjwa. Bibi arusi anatoka ndani ya kanisa lenye giza, anaingia juani: mwanga ule ni wa kweli, ulikuwako siku ile, na kichujio chenye tamaa kitaufuta. Uso utakuwa wa majivu. Mimi ningependa kupepesa kidogo kubaki kuliko kupoteza lile jua. Na fasi ambapo picha imekuwa nyeupe kabisa, bila alama yoyote ya uso, hakuna programu ya kurudisha kitu, ikijaza, inatunga.

Wengine mtaona kaseti zenu hazifanani na habari hii. Kupepesa kwa shuta, kule nilikoeleza, kunagusa picha yote pamoja na kuna mpigo sawasawa kama saa. Ukiona giza na mwanga vikija ovyo ovyo, tena katika sehemu fulani tu za filimu, pengine tatizo liko ndani ya filimu yenyewe: kamera nyingi za zamani zilikuwa za kukaza kwa springi, na springi ikilegea mwendo unapungua, mwanga unaingia mwingi. Kichujio kinasaidia, lakini nusu. Na ukiona picha inaruka pembeni na mistari ya mvua chini, huo si mwanga kabisa. Ni mashini haishiki njia ya mkanda. Zungusheni kifungo chake cha kufuata njia mbele ya kwenda kwa mtu wa ordinatere na kumlipa franga za bure.

Neno moja juu ya afya, nalo nisingetaka mlipite upesi. Katika barua wanasema mjukuu mmoja wa miaka 11 alianguka na kutikisika mbele ya kaseti ile, na jirani akasema wafu hawataki kutazamwa. Hapana. Mwanga unaowaka na kuzimika mara 3 hata mara 30 kwa sekunde unaweza kuamsha kifafa kwa watu wachache wenye ubongo unaoogopa mwanga wa namna hiyo, hasa watoto na vijana. Japani, tarehe 16 mwezi wa 12 mwaka 1997, kipindi kimoja cha katuni katika televizio kilikuwa na miale ya nyekundu na buluu, na watoto zaidi ya 600 walipelekwa hospitali. Hakuna mfu aliyehusika. Kaseti yenu, kwa mara zake 4, iko ndani ya hatari ile. Mtoto huyo aonwe na daktari, na asiitazame tena mpaka imesafishwa. Wengine wakitazama wakae mbali na kioo, na taa ya chumba iwake. Msimfungie mtoto katika chumba cha maombi bila dawa. Maombi na daktari hawajawahi kugombana katika nyumba yangu.

Mnauliza pia kama kazi hii yote inafaa kwa dakika nne tu. Hapa Tshopo tulipoteza karatasi na picha mara nyingi: mwaka 1964, tena mwezi wa 6 mwaka 2000, wakati majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita ndani ya Kisangani na nyumba zikaungua. Kuna wakubwa hapa wasiojua uso wa baba yao. Wazungu walikuwa na kamera, sisi hatukuwa nazo, na kwa hiyo sura za wazee wetu ziko katika masanduku ya watu wengine. Kuna filimu kubwa zilizotunzwa vizuri, kama Bwana Kitoko ya André Cauvin, juu ya safari ya Mfalme Baudouin mwaka 1955. Ndani yake mfalme ana jina, na umati hauna. Katika filimu ndogo ya mmisionari, mwuguzi anayecheka karibu na mlango alikuwa rafiki yake, na yuko mtu mmoja bado anayeweza kumwita jina.

Mtu huyo ana zaidi ya miaka 85. Kwa hiyo msingoje barua ya Uingereza irudi. Juma hili mtafuteni kijana mwenye kifaa cha waya, apitishe kichujio cha kwanza kwa namba 7, hata kama si kazi ya mwisho, mmwonyeshe koko mchana, picha ikiwa polepole, mkisimamisha kila uso. Mtu mmoja ashike kaye na kuandika saa ya kaseti na jina: dakika 1, sekunde 20, mama wa kitambaa cheupe, ni nani, binti ya nani, wa kijiji gani. Pale koko asipokumbuka, acheni mstari mtupu, sababu kesho yake asubuhi mara nyingi jina linarudi lenyewe.